Bima imekataa mashine ya oksijeni ya bi mkubwa, nifanyeje?

Bint Konde
Asalaam alaykum. Mamaangu ana miaka 67, yuko Konde, Pemba, na kifua kinamsumbua tangu mie niko skuli. Sigara hajaigusa, lakini miaka zaidi ya 40 kapika kwa kuni na makumbi, jiko halina hata dirisha. Mwezi uliopita kalazwa siku sita. Daktari kasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, na nyumbani atahitaji oksijeni kila siku. Tunatumia bima ya kazini kwa kakaangu. Kitanda, dawa, nebulaiza ya kuvutia dawa, wamelipa bila maneno. Mashine ya nyumbani wamekataa: "haijathibitishwa kuwa ni ya lazima". Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni ndio hawataki hata kukisikia. Na mama akitoka chumbani hadi uani midomo inabadilika rangi. Nipeni mawazo.

Mpemba wa Mbweni
Waalaykum salaam, pole dada. Kidude nunueni wenyewe, msipoteze nguvu hapo. Wao wanakiona kama kipimajoto tu. Ugomvi uwe wa mashine.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kwenye fomu wameandika namba gani? Bima hailipi "anabanwa na kifua", inalipa namba. Kipimo wanachofuata madaktari wengi ni oksijeni asilimia 88 kushuka chini kwa kidude cha kidoleni, au 55 (mmHg) kushuka kwenye damu ya ateri, mgonjwa katulia na anavuta hewa hii hii tunayovuta sote. Akipimwa huku mipira ya oksijeni iko puani, namba inayotoka ni ya mtungi, si ya mapafu yake. Mwombe daktari ampime pia akiwa anatembea, maana unasema kwenda uani tu midomo inageuka. Halafu, ana piko vidoleni? Rangi nyeusi huziba mwanga wa kile kidude.

Bint Konde
Bibi, anayo! Tulikuwa na harusi.

Mtu wa Mtambwe
Miaka 67 na piko. Mungu amzidishie 😂

Abuu Ohio
Huku Marekani mjombangu yuko Medicare, bima ya serikali ya wazee, na kanuni ni hiyo hiyo ya 88. Tena muuza mashine haruhusiwi kupima yeye; lazima kipimo kitoke kwa daktari au hospitali. Wakikubali, mashine inakodiwa, malipo ya kodi yanakwenda miezi 36, wao asilimia 80 na mjomba 20. Mazoezi ya mapafu nayo wanalipa, vipindi 36. Hizo ni sheria za huku, usiende ukawasomea watu wa bima yenu. Lakini waombe wakuandikie kwenye karatasi kifungu gani cha mkataba kimewafanya wakatae. Neno la mdomo hulikatii rufaa.

Fundi Umeme Chake
Mie nasemea tukuza, huo umeme wa kulipia kabla. Mashine ya lita tano kwa dakika inakula kama wati 350. Kwa saa 15 kwa siku, ambazo ndizo madaktari huzitaja, ni yuniti tano na ushei kila siku. Na umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga, ukikatika unakatika. Kwenye maombi tieni na mtungi wa akiba. Mtungi huo usiwekwe karibu na moto wa hilo jiko la makumbi lakini!

Nesi Mstaafu
Fundi kanikumbusha. Mashine ikifika, asiguse mtu kile kifundo cha kuongeza oksijeni. Wagonjwa wa aina hii daktari mara nyingi huwalenga 88 hadi 92 tu. Ukipandisha hadi 99 ili roho yako itulie, hewa chafu (kabonidioksidi) inaweza kumjaa mwilini akasinzia usiweze kumwamsha.

Bint Konde
Nimeitoa fomu sasa hivi. Imeandikwa "94%", basi, hakuna zaidi. Na siku ile namkumbuka vizuri, mipira alikuwa nayo puani, mie ndiye niliyemwekea sawa. Jumatatu narudi kwa daktari. Piko ya kidole kimoja nimeanza kuisugua kwa ndimu, mwenyewe kanuna.