"DOGO, SOMA JINA"... Wakuu leo nimedhalilishwa na sikubali

Wakuu habari za jioni, japo yangu imeshaharibika. Simtaji mtu, mnamjua wote, yule mkongwe anayeanza kila komenti na "sisi tuliosoma enzi za Mwalimu". Leo saa kumi kanivua nguo mbele ya watu, hata kula nimeshindwa, ugali umekuwa jiwe na samaki ananikodolea macho.

Iko hivi. Kwenye ule uzi wa Urusi ya zamani, ile ya Kisovieti, kuna mtu kauliza Stalin na waliomfuata waliendeshaje viwanda vya silaha bila soko, kila kitu kikipangwa kutoka Moscow. Mkongwe akashusha orodha ya wizara ya mwaka 1960, akasema oneni nchi ilivyojali wakulima, hii hapa Wizara ya Uundaji wa Mashine za Kati, ya matrekta. Nikamjibu kwa adabu, na shikamoo nikaanza nayo, nikamwambia mzee wangu hiyo wizara iliundwa Juni 1953 na kazi yake ilikuwa bomu la nyuklia, kuanzia kuchimba urani mpaka bomu lenyewe, na waziri wake Slavsky kaikalia toka 1957 hadi 1986. Matrekta gani?

Akajibu maneno matatu. "Dogo, soma jina." Na kikatuni kile cha kucheka mpaka machozi. Like arobaini ndani ya dakika tano, wengine wenu humu humu mligonga, nimewaona!

SOMA JINA?? Jina ndio uongo wenyewe! Wizara ya Mashine za Jumla, ile ya 1965, ilikuwa ya makombora. Mji wa Sarov walioundia bomu waliufuta kwenye ramani wakauita Arzamas-16, wakati Arzamas ni mji mwingine kabisa. Viwanda vilipewa namba, mtu akiulizwa unafanya kazi wapi anataja namba ya sanduku la posta. Nchi nzima imeficha majina halafu mtu mzima na mvi zake ananiambia nisome jina!

Na utaratibu wenyewe haujui. Anadhani Gosplan, ile ofisi ya mipango ya Moscow, wanaandika namba, kiwanda kinatema vifaru, imeisha hiyo. Ndani ya kiwanda cha silaha alikaa mwanajeshi mkaguzi, mtu wa wizara ya ulinzi, mkurugenzi wa kiwanda hana ubavu wa kumfukuza, na mzigo ukiwa mbovu anaukataa unarudi. Kiwanda cha viatu hakikuwa na mtu huyo, wakitoa viatu milioni vyote vya mguu wa kushoto mpango umetimia, makofi. Ndio maana SMG, ile bunduki yao AK-47, inalia mpaka leo na kiatu chao kilikuwa kinaachia soli. Halafu toka 1957 kukawa na Tume ya Kijeshi na Viwanda juu ya wizara zote za silaha, chuma kizuri wanapewa wao kwanza, wahandisi wazuri wao kwanza, wa friji asubiri.

Na woga je? Vannikov, kamishna wa silaha mwenyewe, yaani waziri wa enzi hizo, walimkamata Juni 1941 wiki mbili tu kabla Hitler hajavamia, kiti akapewa Ustinov, kijana wa miaka 32. Mambo yalipowaka, Stalin akamwagiza yule yule Vannikov, yuko mahabusu, aandike namna ya kuendesha viwanda vita ikiwa imefika mlangoni, kisha wakamtoa akarudi kazini. Tupolev, mbunifu wao wa ndege, kachora ndege za kivita akiwa mfungwa. Yote haya niliyaandika, aya sita, kwa simu yenye kioo kilichopasuka kidole kinachanika, halafu maneno matatu na kikatuni!

Kipanga wa Ilala: Mkuu uzi mzima kisa kikatuni? Kula samaki huyo.

Mzigo Mzito: Ngoja nimwage petroli. Wizara ya jina hilo ilikuwepo toka 1939 na ilikuwa ya viwanda vya magari kweli, jina likaachwa 1946, likaja kufufuliwa 1953 kuficha bomu. Mkongwe hajakosea sana, kafungua ukurasa wa zamani.

Mtoa mada: Orodha aliyoweka YEYE ni ya 1960! Slavsky yuko kitini mwaka wa tatu! Usimtetee.

Chungu Kitamu: Mlio-like mjitokeze hahaha. Mimi nilikuwa wa 38, samahani mkuu, kikatuni kilinichekesha.

Mjukuu wa Askari: Marehemu babu alipigana na Amin 1979, zile roketi za Mrusi ndizo Waganda waliita saba saba. Babu alisema zikianza kulia huulizi jina la kiwanda, unalala chini.

Konda Mstaafu: Kwenye majina ya uongo msiniguse. Juzi nimepanda basi ubavuni limeandikwa FULL AC, AC yenyewe ni dirisha ambalo halifungi, vumbi kutoka Morogoro mpaka Dodoma, nimeshuka mke wangu kanipita stendi hajanitambua.

Chungu Kitamu: La bluu?

Konda Mstaafu: La bluu! Kiti kimefungwa kamba ya katani.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Shikamoo nilimpa, aya sita nikaandika, kaniambia soma jina.

Kipanga wa Ilala: Hilo la bluu mimi lilinishusha Gairo saa nane usiku, wakasema linakuja lingine. Nauli walikurudishia?

Konda Mstaafu: Nauli? Nilipewa soda ya moto.

Mzigo Mzito: Soda ulipewa? Sisi hata maji hatukupata. Ulikaa kiti namba ngapi?