Mjadala: Kanisa liagize waya wa gita wa bei mbaya, au waya ni waya?

MwanaKwaya: Wakuu, kamati yetu ya muziki imegawanyika. Waya za bei chee zinaanza kukwaruza hata kabla hatujazizoea. Mwenyekiti anataka tuagize Mogami, zile waya za Kijapani za bei mbaya, mhazini anasema shaba ni shaba. Mnasemaje?

FundiVyuma: Mhazini kapatia nusu. Kinachokufa mara nyingi ni jeki, ile ncha ya kuchomeka. Fungua uone: uzi wa kati umeshikwa na tone la risasi, kibano cha kushika ganda hakuna, mtu akikanyaga waya tu umeachia. Nunua waya wa mita, weka jeki za Neutrik au Switchcraft, tafuta anayejua kulehemu. Zile za mpira ulioyeyushiwa juu hazifunguki, zikifa ni jalalani.

SoloLaKale: Na sauti je? Gita lisilo na betri, waya ukirefuka sauti kali inaliwa. Waya wa kawaida una kapasitansi, yaani uwezo wa kutunza chaji, ya pikofaradi 100 hivi kila mita. Mita 3 huwezi kugundua, mita 10 gita limevalishwa blanketi. Jimi Hendrix, yule mpiga gita wa Marekani, alitumia ule wa kujikunja, ndiyo maana ukali wake haukutoboa masikio. Ila nyie wa kanisani na kodi (chords) zenu tatu, tofauti mtaisikia wapi?

DadaAlto: Kodi tatu? Kijana wetu wa besi, hiyo bendi yako ya Sikinde ingemchukua kesho asubuhi.

SoloLaKale: Nani kakwambia mimi Sikinde? Mimi ni wa bendi ya Msondo, baba ya muziki, tangu ikiitwa NUTA.

NgomaYaUkae: Baba gani anakimbiwa na wanawe? 1978 mwimbaji wenu Gurumo alikuja kwetu Sikinde, DDC, lile shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ilipoanzisha bendi.

SoloLaKale: DDC haikuanzisha kitu, mkuu. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilianzia kwenye kampuni ya teksi, DDC wakaichukua baadaye. Na Gurumo alimalizia wapi? Msondo.

MwanaKwaya: Jamani, waya.

NgomaYaUkae: Wazee walichomeka waya wowote uliokuwepo na mpaka leo mkisikia zile solo mnatokwa na machozi. Waya ni kisingizio cha vidole vizito.

KinandaTu: Kinanda na besi ya betri hazisumbuliwi na hizo mita 10. Nusu ya mnayobishania haiwahusu hawa watu.

FundiVyuma: Huyo wa "waya wowote" angeona ampu niliyoletewa juzi. Kutoka kwenye kichwa, boksi la ampu lenyewe, kwenda spika wameweka waya wa gita! Uzi wa kati mwembamba, haubebi mzigo ule. Umepata moto, plastiki imeyeyuka, uzi wa kati ukagusana na nyuzi za nje zinazouzunguka, ampu kwisha. Jeki zote milimita 6.35, kwa macho huzitofautishi.

MwanaKwaya: Ngoja kwanza. Na yetu kichwa kiko mbali na spika, na hapo katikati tumeweka waya wa gita.

FundiVyuma: Mwambie mtu akazime sasa hivi. Tafuteni waya wa spika, ule wa nyuzi mbili nene. Mogami itasubiri.

DadaAlto: SoloLaKale, Jumapili njoo na gita lako tuzihesabu kodi pamoja.

SoloLaKale: Nije kwenye ampu inayoungua? Hapana dada.

NgomaYaUkae: Na la 1978 bado hujanijibu. Kwa nini aliwakimbia?