Chuo cha ufundi kinataka mkataba na karakana yangu. Nitie sahihi?

Karakana_Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Nina karakana hapa Nakuru, eneo la viwanda. Mageti tunaunda kama kila mtu, lakini mkate wetu hasa ni matangi ya maziwa na mashine za kukatia nyasi za ng'ombe. Wateja wanatoka Njoro, Molo, Bahati, hadi Ol Kalou. Kazi ipo, wa kuifanya ndio hawapo. Wachomeleaji wa chuma cha kawaida nikipiga mluzi wanajaa mlangoni. Wa TIG, uchomeleaji wa umeme na gesi ya argoni, wa kushika stenlesi nyembamba ya tangi bila kuitoboa, nina mzee mmoja tu. Wa pili nilimfundisha mwenyewe, jirani akamchukua kwa nyongeza ya mia mbili kwa siku.

Sasa chuo kimoja kimeniletea mkataba wa maelewano, kurasa nne. Kinataka nipokee wanafunzi 12 kwa mwaka. Nembo ziko, "ushirikiano" umetajwa kila aya, lakini hakuna mahali pameandikwa kijana akitoka kwangu atakuwa anajua kufanya nini.

Wa atachimenti, wanafunzi wanaotumwa na chuo kujifunza kazini, nimewapokea miaka yote. Miezi mitatu: wa kwanza anashika tepu na kufagia, wa pili anaanza kuelewa, wa tatu anaandika ripoti. Mwaka jana mmoja alilainisha maungio ya tangi kwa diski ya grainda iliyotoka moja kwa moja kwenye geti. Baada ya wiki chache mteja akapiga simu: madoa ya kutu ndani ya tangi la maziwa. Simlaumu kijana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba unga wa chuma cha kawaida ukishika kwenye stenlesi huota kutu. Chuoni kwao hata kipande cha stenlesi hawana.

Nitie sahihi? Mwanafunzi akiumia ni juu ya nani? Na nikishamfundisha, namzuiaje asihame?

MwalimuLurambi

Mimi ni mwalimu wa chuo huku Kakamega, kwa hivyo nisikilize ukijua nimekaa upande gani. Usitie sahihi bado, ila usimfukuze mkuu wa chuo. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi apimwe akifanya kazi yenyewe, na vyuo vingi mashine hatuna. Wanakuhitaji kuliko unavyowahitaji, kwa hivyo masharti weka wewe.

Kata hao 12 wawe wanne. Wasije miezi mitatu halafu wapotee. Wawe kwako nusu ya muhula na darasani nusu, kwa zamu, mpaka wamalize kozi. Gesi ya argoni na vipande vya kujifunzia vilipwe na chuo. Na mwalimu wao aje kwako wakati wa likizo avae kofia ya kuchomelea. Mimi TIG nilifundishwa kwa mchoro ubaoni, nami nikaifundisha kwa mchoro ubaoni. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

MzeeWaBondeni

Mfungie bondi ya miaka mitatu, asihame. Cheti chake kaa nacho wewe.

Wa_Naivasha

Mzee, shikamoo, lakini cheti cha mtu hakishikwi. Utapata kijana mwenye kinyongo anayechomelea tangi lako, na bado ataondoka.

Ndugu wa Nakuru, mimi nashughulikia wafanyakazi kwenye shamba la maua. Swali lako la kuumia ndilo la kwanza. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamhesabu mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwako kwa mkataba, kama mwajiriwa. Ukimwandikia mkataba wa uanagenzi, awe kwenye bima yako kabla hajagusa grainda. Wa atachimenti, kidai chuo karatasi ya bima yenyewe. Ahadi ya mdomo usiichukue.

Pili, ile tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unailipa? Kama unalipa, gharama za mafunzo unaweza kudai urudishiwe, mradi uombe idhini yao kabla mafunzo hayajaanza. Wengi hupeleka risiti baadaye halafu wanashangaa kunyimwa. Kuna pia nafuu ya kodi kwa anayechukua wahitimu kwa uanagenzi, na wa vyuo vya ufundi waliongezwa 2021, lakini lazima wawe kumi au zaidi. Hiyo ni ya wakubwa, usiipigie hesabu.

FundiKibuye

Vyuo, vyuo. Nina vijana wanne hapa Kisumu, hakuna aliyewahi kuona lango la chuo, na wanachomelea kuliko wenye diploma. Wanachokosa ni karatasi, basi. Wawili niliwapeleka NITA hapa Kisumu wakafanya mtihani wa ufundi wa Gredi ya Tatu, ngazi ya mwanzo, wakapita. Kabla hujalea watoto wa chuo, kati ya wachomeleaji wako wa mageti wamo wawili au watatu wenye mkono mzuri. Anza na hao. Mkataba useme chuo kitawafundisha kusoma mchoro na hesabu jioni, na kitawaandaa kwa gredi. Hapo nitaamini ni ushirikiano.

NimemalizaJuzi

Naomba niseme kama mwanafunzi. Tunahama kwa sababu ya nauli na chakula. Nilikaa karakana moja miezi mitatu, natembea kutoka Nyalenda asubuhi, mchana nakunywa maji. Ya pili walinipa nauli, wakaniambia siku ya kwanza kwamba nikipita jaribio la kuchomelea bomba mshahara unapanda kwa kiasi fulani, wakakiandika. Bado niko hapo.

Karakana_Nakuru

Asanteni sana. FundiKibuye umenigusa, kuna kijana wangu wa mageti sikuwa nimemfikiria kabisa. Ila hofu yangu ni ileile: nifundishe mimi, avune jirani.

MwalimuLurambi

Basi mwite jirani. Ninyi karakana tatu mkiingia mkataba mmoja na chuo, kila moja ichukue wawili na mlipe sawa wakiwa mafunzoni, hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Mnaibiana kwa sababu mnagombania fundi yuleyule mmoja.

Karakana_Nakuru

Nimempigia, kwa shingo upande. Kumbe yule kijana hayuko kwake tena, alishaenda Eldoret! Tumecheka wote wawili. Tunakutana Jumamosi na mwenye karakana ya tatu, kisha twende kwa mkuu wa chuo pamoja. Mwalimu, nisaidie kitu kimoja: kwenye mkataba niandike wapimwe vipi?

MwalimuLurambi

Usiandike "ajue TIG". Andika kazi. Atenge diski na brashi za stenlesi peke yake, na umkute nazo siku ambayo hakutarajia. Aunge bati la milimita 1.5 bila kulitoboa, na upande wa nyuma usiwe mweusi, maana yake amejua kupitisha argoni nyuma ya maungio. Kisha mpe tangi dogo la lita 50 alimalize peke yake, mpaka mdomo wa kutolea maziwa. Lijaze maji, lilale hivyo hadi asubuhi. Likivuja anarudia, na bati la kurudia linalipwa na chuo. Hilo liweke ukurasa wa kwanza, wasije wakasema hawakuliona.