Dirisha, taa ya zambarau, tyubu za T5 au LED ya gereji: ipi inafaa kuoteshea miche ndani?

MamaNgogwe, Minneapolis, 18 Februari

Habari zenu wanabustani. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuotesha nyanya chungu (ngogwe) dirishani, na miaka yote miwili iliyopita nimeambulia miche mirefu, myembamba kama uzi, inayolala kabla ya kufikisha majani manne. Inaniuma, maana hapa ngogwe huzipati dukani kirahisi, na watoto wangu nataka wazijue.

Baridi ya kuua mimea huku inaweza kurudi hadi mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo watu hawahamishii nyanya nje mpaka katikati ya mwezi. Ukisia ngogwe nje wakati huo, baridi ya vuli inaweza kuzikuta bado hazijazaa vya kutosha. Lazima zitoke ndani zikiwa na umri wa wiki nane hivi.

Nina meza moja besimenti na trei mbili. Nawaza kubaki na dirisha la kusini, au kununua zile taa ndogo za kubana mezani zenye mwanga wa zambarau, au kuchukua taa ya T5 (zile tyubu nyembamba za fluoresenti) ya tyubu nne anayoitoa jirani bure, au kununua LED za futi nne, zile za kufunga gereji. Mbegu nilizonazo ni ngogwe, pilipili mbuzi, nyanya, mnavu, sukuma wiki, mchicha na bamia. Naomba kusikia kwa waliojaribu wenyewe.

FundiWaya, Edmonton, 18 Februari

Dada, pole sana. Kazi yangu ni umeme na huotesha miche kila mwaka, kwa hiyo nianze na kosa la dirisha. Jua la mchana mahali pa wazi hufika luksi (kipimo cha mwanga) 100,000. Sebule yenye taa ya dari usiku mara nyingi haifiki hata 500. Macho yetu hujirekebisha, tunaona kote kuna mwanga, lakini mche haudanganyiki. Mwezi wa tatu jua liko chini, kioo kinapunguza, na mwanga unatoka upande mmoja tu. Mche unajinyoosha kuutafuta, ndiyo hao uzi unaowaona.

Mimi nakushauri LED za gereji, mbili, wati 40 kila moja, zilizofungwa sambamba. Trei zako mbili za kawaida zikipangwa kichwa kwa kichwa zina urefu wa mita moja, taa ni sentimita 120, zinafunikwa vizuri. Chagua mwanga mweupe, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi) 4000 hadi 5000.

Sasa hesabu. Wati 80 kwa saa 16 ni uniti 1.28 kwa siku. Kwa wiki nane ni uniti 72 hivi. T5 ya jirani, kama ni zile za mwanga mkali, kila tyubu hula wati 54. Nne ni 216, na wiki nane zinakuwa uniti 194. Uniti ikiwa senti 15, ni dola 11 dhidi ya 29 kwa msimu. Taa mbili za LED nilizipata kwa dola kama 50, kwa hiyo hiyo "bure" inalipwa polepole kwenye bili ya umeme.

KibarazaChaLeeds, 19 Februari

Taa za zambarau nilizinunua mwaka juzi, zile zenye shingo ndefu nne. Kwenye boksi waliandika wati kubwa ajabu. Nilipozipima kwenye soketi zilikuwa zinakula 38 zote kwa pamoja. Ukinunua taa yoyote, tafuta wati inazokula kweli.

Hata hivyo si kwamba hazioteshi. Mwanga mwekundu na wa buluu mmea unautumia vizuri sana. Tatizo langu lilikuwa jingine: chini ya zambarau kila jani linaonekana jeusi. Miche yangu ya nyanya ilianza kugeuka njano kwa kukosa chakula na sikuiona mpaka siku niliyoipeleka jikoni. Mwanga mweupe unao huo mwekundu na buluu ndani yake, na unakuonyesha mche ulivyo.

Dirisha nalitetea kwa jambo moja tu, sukuma wiki. Naisia mwezi wa tatu kwenye chumba chenye ubaridi, nageuza trei kila asubuhi, na nimebandika karatasi ya alumini upande wa chumbani irudishe mwanga. Inatoka mifupi na imara. Nadhani ule ubaridi wenyewe unasaidia. Lakini ngogwe pale dirishani sijawahi kufanikiwa hata mara moja.

BibiShamba, Columbus, Ohio, 19 Februari

Wanangu, mnagombania taa na hamjauliza imefungwa juu kiasi gani. Mimi nina T5 kwa mwaka wa tisa na miche yangu ni mifupi, shina nene kama penseli. Siri yake ni mnyororo. Taa inaning'inia sentimita 5 hadi 8 juu ya majani, na kadiri miche inavyopanda, naivuta juu pete moja. Niliwahi kumtembelea binti mmoja hapa mjini, amenunua taa ya gharama, kaifunga darini, mita moja na nusu juu ya trei. Miche yake ilikuwa haitofautiani na ya dirishani.

Jingine ni mbegu zenyewe. MamaNgogwe, punguza orodha yako. Bamia mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Subiri udongo upate joto, uisie palepale bustanini, au uianzishe kwenye vikombe vya karatasi wiki tatu kabla, usizidishe. Mchicha nao usiupe nafasi chini ya taa. Udongo ukishapata joto mwisho wa Mei, mwaga mbegu, baada ya mwezi unachuma. Hapo umeokoa nusu trei.

Taa waachie wanaochelewa. Pilipili mbuzi inaweza kukaa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchomoza, kwa hiyo isie mwanzoni mwa Machi. Ngogwe katikati ya Machi. Nyanya usiwe na haraka, mwanzo wa Aprili unatosha. Ukizisia pamoja na pilipili zitaota zikafunika kila kitu na taa hutajua uiweke wapi. Mnavu mbegu zake ni ndogo mno, zitawanye juu na udongo kiduchu tu.

Kila ninapopita napitisha kiganja juu ya miche taratibu, mara kumi hivi. Mche ukitikiswa unanenepa shina. Nje upepo ungeifanya kazi hiyo.

FundiWaya, Edmonton, 19 Februari

Shikamoo Bibi. Kwenye umbali nakubali bila ubishi, nilipaswa kuanza nao. Ila LED za nguvu zikisogezwa sentimita 5 majani hukunjika na kupauka. Mimi naanzia 20 na kushuka taratibu nikiangalia. Hizi za gereji za wati 40 ndizo zinaweza kukaa 10 hadi 15.

Na taima ni lazima. Mwaka wa kwanza niliacha taa ikiwaka usiku na mchana nikidhani naharakisha mambo. Majani ya nyanya yakapata madoa ya njano. Nyanya inahitaji giza. Saa 16 za mwanga, 8 za kupumzika.

BibiShamba, Columbus, Ohio, 19 Februari

Marahaba mwanangu. Hilo la giza ni kweli kabisa.

Pelargoni, Göteborg, 20 Februari

Kuhusu T5, kuna jambo hamjalitaja. Umoja wa Ulaya ulizuia tyubu mpya za T5 na T8 (zile nene zaidi) kuingizwa sokoni tangu 24 Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki iliyo ndani. Minnesota nako sheria iliyopitishwa 2023 ilipanga mwisho wa kuuza tyubu hizo ndefu uwe 1 Januari 2026. Taa ya jirani ichukue ikiwa bado inawaka vizuri, lakini tyubu ikizeeka utahangaika kupata nyingine, na iliyokufa haitupwi kwenye taka za kawaida.

LED nayo ina kasoro: haitoi joto jingi. Bibi anapata joto la T5 bila kujua. Besimenti yangu ina nyuzi 16, na pilipili zilikaa udongoni mwezi mzima nyingine zikaoza. Nilipoweka mkeka wa joto chini ya trei, udongo ukafika nyuzi 27, zikatoka siku ya tisa. Zikishachomoza nautoa mkeka, la sivyo zinarefuka hata taa ikiwa karibu. Sukuma wiki haihitaji mkeka hata kidogo.

Kitaluni, Njombe, 20 Februari

Nawafuatilia nikiwa nyumbani, huku tatizo letu ni kinyume: tunajenga kichanja cha nyasi kuupunguzia mche jua. Lakini kinyausi ni kilekile popote. Mche unanyauka shina usawa wa udongo na kuanguka kama umekatwa, ukishaanguka hauponi. Huko ndani hewa imetulia na kuna unyevu, mtashambuliwa zaidi yetu. Tumieni udongo mpya wa mifuko, osheni trei kwa maji yenye klorini kidogo, mwagilieni asubuhi kwa kujaza maji chini ya trei, na msibananishe miche. Mkiwa na feni ndogo, iwasheni. Kifuniko cha plastiki kitolewe mara tu mbegu zinapochomoza.

Na wiki moja kabla ya kuhamisha, punguzeni maji. Huku hatuhamishi mche ulioshiba maji.

KibarazaChaLeeds, 20 Februari

Naongeza kwa Kitaluni: mche uliokulia chini ya taa haulijui jua. Nilitoa nyanya zangu Jumamosi moja yenye jua kali, jioni majani yalikuwa na mabaka meupe kama yameunguzwa na maji moto. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kisha ongeza kwa siku saba hadi kumi.

MamaNgogwe, Minneapolis, 11 Mei

Nimerudi na majibu. Nilinunua LED mbili za gereji, T5 nikamwachia jirani, mkeka mmoja tu nikaugawana kati ya pilipili na ngogwe. Taa nilizifunga kwa mnyororo kama Bibi alivyosema, sentimita 12.

Ngogwe 22 kati ya 24 zimesimama, shina nene, majani sita sita. Pilipili mbuzi zilitoka 9 kati ya 12. Mnavu niliusia mzito, kinyausi kikapita upande mmoja wa trei ndani ya siku mbili. Nilipowasha feni kikakoma. Sukuma wiki ilikwenda dirishani na ni nzuri kweli, tayari iko nje tangu mwisho wa Aprili. Bamia na mchicha bado mbegu zimo kwenye pakiti.

Leo ni siku ya nne ya kuzitoa kibarazani, saa tatu kivulini. Binti yangu ndiye anayezirudisha ndani akitoka shule. Bibi, mwaka ujao nataka kuongeza nyanya mshumaa: nazo niziweke na ngogwe Machi, au nizisie na nyanya za kawaida Aprili?