Nimepata nafasi ya kusoma sayansi ya siasa, nyumbani wanataka sheria. Naombeni ushauri

Chiriku:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Niliiomba mwenyewe, sikusukumwa na mtu. Tangu sekondari nafuatilia chaguzi za nchi mbalimbali, na si kwa ushabiki wa chama. Napenda kujua kwa nini matokeo yanakuwa vile yanavyokuwa. Mfano ambao haujanitoka kichwani ni uchaguzi wa Uingereza wa 2015. Chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9 kikaambulia kiti kimoja bungeni, halafu chama cha SNP cha Scotland kwa kura zisizofika milioni 1.5 kikaondoka na viti 56. Toka siku hiyo nataka kujua nani alipanga utaratibu wa namna hii na kwa nini watu wanaendelea nao.

Baba anasema siasa haisomewi, siasa hufanywa. Anataka nihamie sheria kabla usajili haujafungwa. Wenzangu waliochagua uhasibu na uuguzi wanaitaja kazi yao ya baadaye kwa neno moja, mimi nikiulizwa nabaki kuzungukazunguka. Na kuna jambo jingine: kwenye orodha ya masomo nimeona takwimu na mbinu za utafiti, na hesabu si somo nililolipenda.

Walioisoma kozi hii, mlisoma nini hasa? Mmeishia kufanya kazi gani? Nikomae nayo au nihame? Naombeni ukweli, hata ukiwa mchungu.

Dodoso:
Karibu Chiriku. Mimi niliisoma na sasa naandaa na kuchambua tafiti za maoni, ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Kwanza nikujibu la UKIP, maana humo ndani mna kozi nzima. Uingereza kila jimbo linatoa mbunge mmoja, na anayeongoza anashinda hata asipofika nusu ya kura. Kura za UKIP zilitawanyika nchi nzima, wakawa wa pili au wa tatu kwenye majimbo mengi. Za SNP zilikuwa zote Scotland. Kwa hiyo kinachohesabika si wingi wa kura peke yake, ni mahali zilipo. Mfaransa Maurice Duverger alieleza kwamba mfumo huo huelekea kuzaa vyama viwili vikubwa, kwa sababu vyama vidogo huumizwa wakati wa kugeuza kura kuwa viti, na wapiga kura nao huanza kuona kuwapigia ni kupoteza kura. Uholanzi, ambako viti 150 vya bunge hugawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, vyama ni vingi na serikali huundwa kwa muungano.

Mtu wa kawaida anaishia hapo. Mwanafunzi wa kozi hii anaulizwa swali linalofuata: mbona India na Kanada zinatumia mfumo wa Uingereza na bado zina vyama zaidi ya viwili vyenye nguvu? Ukianza kutafuta jibu unakutana na majimbo yenye siasa zake, lugha, historia, mgawanyo wa madaraka. Hapo umeshaingia siasa linganishi, yaani kulinganisha siasa za nchi mbalimbali, bila kujua. Kama swali hilo limekufanya utake kuendelea kusoma, kozi ni yako. Kama ulitarajia kujifunza kuhutubia na kushinda mabishano, utachoka mapema sana.

Matawi mengine nayataja kwa haraka: nadharia ya siasa (haki, uhuru, nani ana halali ya kutawala), uhusiano wa kimataifa, utawala wa umma na sera, na mbinu za utafiti. Majina hutofautiana chuo na chuo.

Mkweli Halisi:
Umeomba ukweli mchungu, nami nakupa kwa nia njema.

Cheti cha sayansi ya siasa peke yake hakikufungulii mlango maalumu. Mwenye shahada ya uuguzi ana bodi inayomsajili na kazi inayomsubiri kwa jina. Wewe utashindania nafasi za maofisa wa miradi, wasaidizi wa utafiti, utumishi wa umma, uandishi wa habari, benki, na mle ndani utakutana na waliosoma uchumi, sosholojia, sheria na hata uhandisi. Wote watakuwa wameandika kwenye wasifu wao kwamba wana uwezo wa kuchambua mambo.

Watu hupenda kumtaja Obama. Ni kweli, alimaliza sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1983. Lakini hakuishia hapo. Alifanya kazi za kijamii Chicago, akaenda kusoma sheria Harvard, akamaliza 1991. Shahada ya kwanza ilikuwa msingi, nyumba aliijenga juu yake.

Kwa hiyo jiulize: familia yako inakutegemea uanze kuleta kipato mara tu unapomaliza? Kama ndiyo, chagua fani yenye leseni na soko linaloeleweka, vitabu vya siasa utavisoma jioni. Kama una nafasi ya kwenda hatua moja zaidi, iwe shahada ya pili au miaka michache ya kujipenyeza kutoka chini, basi endelea, lakini endelea ukiwa na ujuzi wa pili mkononi.

Wino Mwekundu:
Mkweli amesema kweli kuhusu ajira. Niongezee upande wa hesabu, kwa sababu ninafundisha somo hilo hilo la mbinu za utafiti na kila mwaka nawaona vijana wanaokuja na hofu kama yako.

Mmarekani Elinor Ostrom alisoma shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa katika chuo kikuu cha UCLA, California, akamaliza 1954. Baadaye alipotaka kusomea udaktari wa uchumi alikataliwa kwa sababu hakuwa na msingi wa kutosha wa hisabati. Akarudi kwenye sayansi ya siasa, akapata udaktari wake 1965 kwa utafiti wa namna watumiaji wa maji ya chini ya ardhi kusini mwa California walivyojipanga kuyalinda yasiharibike. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Na hisabati aliijia kwa njia yake: alitumia nadharia ya michezo (hesabu za namna watu wanavyoamua wakitegemeana), majaribio ya maabara na takwimu kwa sababu maswali yake yalizihitaji.

Swali lake kubwa lilikuwa hili: watu wanaotumia kwa pamoja msitu, maji au samaki, je, lazima waviharibu wasiposimamiwa na serikali au kumilikishwa mtu binafsi? Wengi waliamini ndiyo. Yeye alikusanya mifano ya mifereji ya umwagiliaji, malisho na uvuvi kutoka nchi nyingi, akaonyesha kwamba wako watu waliojitungia kanuni zao wenyewe na zikadumu vizazi, na akaeleza kanuni za namna hiyo hufanana wapi: mipaka iko wazi, wanaobanwa na kanuni wana sauti katika kuzitunga, kuna wa kufuatilia, na adhabu huanza ndogo kisha huongezeka. Zamani kidogo alikuwa ametafiti polisi katika miji ya Marekani, wakati wengi wakiamini kwamba idara zikiunganishwa kuwa kubwa zitafanya kazi vizuri zaidi. Yeye na wenzake waliwauliza wananchi, wakapima huduma, wakakuta idara ndogo na za kati mara nyingi hazizidiwi na zile kubwa.

Nimeeleza kwa urefu ili uone kwamba sayansi ya siasa haianzi na kuishia ikulu. Inaanzia popote watu wanapolazimika kuamua jambo kwa pamoja.

Takwimu za shahada ya kwanza ni za kawaida. Utajifunza kuchagua sampuli, kusoma jedwali, kuelewa kiasi cha makosa katika kura ya maoni, na rigresheni (kupima jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine) ya hatua za mwanzo. Kubwa kuliko yote utajifunza kutokurupuka: mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Nchi tajiri nyingi zina demokrasia. Je, utajiri ndio ulioleta demokrasia, au demokrasia ilileta utajiri, au kuna jambo la tatu lililozaa yote mawili? Watafiti wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne. Anayeogopa namba hukaa nje ya mjadala huo akisubiri kusimuliwa.

Mama Tumaini:
Mwanangu Chiriku, shikamoo ya baba yako usiiache hata mkitofautiana. Nakuandikia kama mzazi ambaye mtoto wake alipita njia hiyo hiyo.

Baba akisema sheria, mara nyingi anasema "nataka uwe salama". Usimjibu kwa kutetea siasa, mjibu hapo kwenye usalama. Kaa naye na orodha ya masomo, mwonyeshe kuna takwimu, kuna sera za umma, kuna fedha za serikali. Mwonyeshe matangazo ya kazi halisi yanayoomba "shahada ya sayansi ya jamii", na sifa nyingine zinazotajwa humo. Wa kwangu alifanya hivyo, na mazungumzo yakabadilika.

Kuhusu sheria yenyewe, hakikisheni mnajua utaratibu wa mahali unapotarajia kufanya kazi. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na wanaotoka sayansi ya siasa huko ni wengi. Uingereza na nchi nyingi zilizofuata mfumo wake unaweza kuanza sheria moja kwa moja baada ya sekondari. Kama unaipenda sheria kwa dhati na uko kwenye mfumo wa pili, kuhama sasa kutakuokolea miaka. Kama huipendi, usiende kusoma mikataba na umiliki wa ardhi miaka yote hiyo kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Atafurahi siku ya mahafali, kazi utaifanya wewe.

Chiriku:
Nawashukuru sana, na shikamoo Mama Tumaini. Habari za Ostrom nilikuwa sizijui kabisa, nimezisoma mara mbili mbili. Sheria kwa kweli siipendi. Napenda katiba, lakini nikifikiria mikataba naona usingizi.

Mkweli, umesema ujuzi wa pili. Upi? Na walio masomoni sasa, mzigo wa kusoma ukoje?

Nanga:
Niko mwaka wa mwisho. Mzigo ni kusoma na kuandika, kuandika, kuandika. Wiki moja unaweza kupewa sura za vitabu na makala za majarida ambazo huwezi kuzimaliza ukisoma neno kwa neno. Dada yangu, usisome hivyo. Makala ya kitaaluma anza na ikisiri, kisha utangulizi, kisha hitimisho, ndipo urudi katikati kuona ushahidi. Ukiwa unasoma jiulize: anauliza nini, anajibu nini, ameonyeshaje, na anayempinga angesema nini. Andika majibu hayo kwa sentensi zako mwenyewe. Mitihani yangu yote nimeipitia kwa daftari hilo.

Na insha za chuo si za sekondari. Ukiandika "ufisadi ni mbaya" utapata alama za huruma. Ukiandika kwa nini mageuzi ya aina ile ile yalipunguza rushwa nchi moja na yakashindwa nchi ya pili, hapo mhadhiri anakaa sawa kwenye kiti.

Nadharia ya siasa usiikimbie kwa sababu ni ya watu wa kale. Aristotle na wanafunzi wake wanasemekana kukusanya maelezo ya katiba za miji-dola 158 ili kuzilinganisha. Kazi ninayofanya kwenye tasnifu yangu ni ile ile, ila mimi nina nchi chache na kompyuta.

Mkweli Halisi:
Ujuzi wa pili: chagua mmoja, usishike mitano. Kama namba zitakukubali, chukua uchambuzi wa data. Kama hazitakukubali, chukua lugha ya kigeni hadi uweze kuifanyia kazi, si kusalimiana tu. Anayetaka diplomasia au mashirika ya kimataifa bila lugha ya pili anajichelewesha. Wa tatu ni uchumi, uchukue kama somo dogo pembeni. Serikali zote mwisho wa siku zinagawa fedha, na mchambuzi asiyeweza kusoma bajeti hupitwa na mengi.

Halafu tafuta mafunzo kwa vitendo kuanzia likizo ya kwanza, usisubiri mwaka wa mwisho. Ofisi ya mbunge, halmashauri, chumba cha habari, taasisi ya utafiti, popote. Waajiri wengi wanamuamini aliyekwisha kufanya kazi kuliko aliyefaulu vizuri tu.

Dodoso:
Naunga mkono data, ingawa najua naivutia kamba kwangu. Chiriku, huna haja ya kusubiri chuo kifunguliwe. Programu ya takwimu ya R ni ya bure. Data za mradi wa V-Dem wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, nazo ni za bure, na zinapima demokrasia kwa nchi nyingi kuanzia 1789. World Values Survey wanauliza watu wa nchi mbalimbali kuhusu maadili na imani zao tangu 1981, na majibu unaweza kuyapakua. Chukua nchi mbili tu unazozijua, chora mstari wa kila moja kwa miaka 50, tafuta mahali mistari inapoachana. Kisha soma nini kilitokea mwaka huo.

Chiriku:
Nimeshapakua R. Leo jioni nakaa na baba na ile orodha ya masomo kama Mama Tumaini alivyosema. Wino Mwekundu, swali la mwisho: wewe unayefundisha, ni mwanafunzi wa aina gani unamshauri aondoke?

Wino Mwekundu:
Anayekuja na majibu yote na kutafuta ushahidi wa kuyapamba. Wapo wenye akili sana kati yao, lakini kila data inayowapinga huiona ni njama, na ikifika tasnifu wanakwama kwa sababu hawana swali. Wewe umekuja na swali la 2015. Lihifadhi. Ukifika mwaka wa pili, mtafute mhadhiri wa mifumo ya uchaguzi umuulize kwa nini Waingereza walipoulizwa kwa kura ya maoni kuhusu kubadilisha mfumo wao wa uchaguzi mwaka 2011, karibu asilimia 68 walikataa.