Plota ya kalamu ya HP 7475A: Inkscape, Python au Arduino? Naomba mlinganisho

RamaniMakole:
Wakuu, habari zenu. Nina ofisi ndogo ya kuchora ramani hapa Makole, Dodoma. Kwenye mnada wa vifaa vilivyotumika nimepata plota ya kalamu, HP 7475A, ile ya miaka ya 1980 yenye kalamu sita, inayochora karatasi za A4 na A3. Nimeiwasha ikiwa peke yake ikatoa mchoro wake wa majaribio, na mistari imenyooka kuliko printa yoyote niliyonayo. Nataka inichoree ramani za viwanja na misingi ya nyumba, maana watu wanaojenga Nzuguni na Ihumwa wanaleta sana kazi za namna hiyo.

Swali langu ni namna ya kuiendesha. Nyuma ina tundu la siriali la pini 25, RS-232. Laptopu yangu ina USB tu. Naona njia tatu: kigeuzi cha USB kwenda siriali halafu nitumie Inkscape (programu ya kuchorea), kigeuzi hichohicho ila niandike programu yangu kwa Python, au niweke Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) katikati, ipokee kazi na kuilisha plota taratibu. Kuna fundi amenishauri njia ya nne, kutoa bodi yote ya ndani na kuweka Arduino yenye GRBL, programu ya kuendesha mota. Python naandika kiasi. Mliowahi kuendesha mashine hizi, mngechagua ipi na kwa nini?

FundiSiriali_Kizota:
Mkuu, hiyo ya kutoa bodi iache kabisa. Bodi yako ni nzima, na ndiyo inayojua lugha ya HP-GL, yaani amri za kuchora. Wewe unaipelekea maandishi tu, yenyewe inapiga hesabu za mota, inaenda kuchukua kalamu, inachora duara, inaandika herufi. GRBL inaelewa G-code, lugha ya mashine za kukatia, basi. Herufi haijui, na sahani ya kalamu sita ingebidi uiandikie akili upya. Njia hiyo ni ya mashine ambayo bodi imeungua na haina dawa.

Hizo tatu zilizobaki, zilinganishe kwa kuuliza nani anasimamia foleni. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi inabeba biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo zinapita herufi 960 hivi kwa sekunde. Hifadhi ya muda ya 7475A ni baiti 1024. Maana yake laptopu inaijaza kwa muda wa sekunde moja na kidogo, wakati kalamu bado iko kwenye ukuta wa kwanza. Kama hakuna wa kuiambia laptopu "subiri", herufi zinazofuata zinamwagika. Na haziishi zote kwa mpigo, zinapotea mojamoja. Amri ya `PD1600,2000;` (shusha kalamu, chora mpaka nukta hiyo) ikipoteza sifuri moja inakuwa `PD1600,200;` na plota inaitii, kwa sababu ni amri halali. Mpaka wa kiwanja unahama na mchoro unabaki msafi. Kwa kazi ya ramani hilo ni jambo zito kuliko kasi, kuliko bei, kuliko uzuri wa programu.

StikaMajengo:
Mimi nina mashine ya kukata stika, nayo inakula HP-GL. Inkscape inanitosha. Unachora, unaenda kwenye viendelezi, unachagua kutuma kwa plota, unaweka namba ya poti, kasi, na namna ya kuzuia mtiririko, umemaliza. Kama hutaki kushinda na programu, anzia hapo. Ni bure na hata leo jioni unachora.

RamaniMakole:
Asante ndugu. Maandishi je? Ramani yangu ina namba za viwanja, vipimo na majina ya barabara.

StikaMajengo:
Lazima uyageuze kuwa mistari kwanza. Kwangu ni faida, kwa sababu herufi ya stika inakatwa pembeni pote. Kwako kalamu itazunguka nje ya kila herufi, zitatoka kama zina matumbo matupu.

Binti_UDOM:
Habari kaka. Hapo kwenye maandishi ndipo Python inapoishinda Inkscape kwa kazi yako. HP-GL ina amri ya `LB`, na plota inaandika kwa herufi zake yenyewe za mstari mmoja. Ukubwa unaupanga kwa `SI`, kwa sentimita: `SI0.19,0.27;` ni upana na kimo. Andishi linafungwa kwa herufi namba 3 ya ASCII, si kwa nukta-mkato. Ukiisahau, plota itaandika hadi amri zako zinazofuata kama maneno.

Hesabu ya vipimo nayo ni nyepesi. Kipimo kimoja cha plota ni milimita 0.025, yaani vipimo 40 kwa milimita. Kiwanja cha mita 20 kwa 25, kwa skeli ya 1:500, kwenye karatasi ni milimita 40 kwa 50, kwa hiyo 1600 kwa 2000. Kiwanja kizima kinaingia kwenye mstari mmoja (`SP` ni kuchagua kalamu, `PU` kuiinua, `PD` kuishusha):

`IN;SP1;PU0,0;PD1600,0,1600,2000,0,2000,0,0;PU;SP0;`

Ile `SP0` ya mwisho inarudisha kalamu kwenye sahani yenye vifuniko. Usiiache. Kwa upepo mkavu wa Dodoma wa Julai na Agosti, kalamu iliyobaki wazi kwenye mkono wa mashine inakauka upesi.

Kuhusu foleni aliyoisema Fundi, usikisie kwa kuweka `sleep` ndefu. Iulize plota yenyewe. Ukituma ESC ikifuatiwa na `.B`, inakujibu nafasi iliyobaki kwa baiti:

```
import serial, time

p = serial.Serial('COM5', 9600, timeout=2)

def nafasi():
    p.write(b'\x1b.B')
    return int(p.read_until(b'\r'))

data = open('kiwanja.plt', 'rb').read()
while data:
    while nafasi() < 300:
        time.sleep(0.2)
    p.write(data[:256])
    data = data[256:]
```

Hatutumi baiti 256 mpaka tumeambiwa kuna nafasi ya 300. Hakuna herufi ya kumwagika. Na ukishakuwa na hii, unaweza kuchora kwenye Inkscape, ukahifadhi faili la HP-GL, halafu ukalituma kwa programu yako. Si lazima uchague moja na kutupa nyingine.

FundiSiriali_Kizota:
Dada amemaliza kazi. Naongeza upande wa waya. XON/XOFF, yaani plota kutuma herufi za "simama" na "endelea" kwenye waya uleule wa data, ndiyo wengi wanaiwasha kwanza kwa kuwa haihitaji waya wa ziada. Shida ni kwamba plota inasema "simama", ujumbe unapita kwenye kigeuzi na draiva mpaka ufike kwenye kompyuta, na wakati huo herufi zilizokwisha kuingia kwenye kigeuzi zinaendelea kutoka. Waya wa DTR, ambao plota inautumia kusema iko tayari, ni wa uhakika zaidi, ila kigeuzi kiwe na pini ya CTS ya kuupokea, iliyounganishwa kweli. Vipo vya bei ya chini ambavyo ndani vina TX, RX na GND (kutuma, kupokea na ardhi) tu, kwa nje huwezi kujua. Njia ya `.B` inaenda hata kwa vigeuzi hivyo.

MzeeManyoni:
Vijana, sisi tuliokuwa na printa za paraleli tulikuwa na raha moja: kuna waya wa BUSY, pini ya 11. Kompyuta inaweka herufi kwenye pini 2 hadi 9, inagusa STROBE pini ya 1 kusema herufi iko tayari, halafu inatazama BUSY kabla ya kuweka nyingine. Foleni inasimamiwa na waya, herufi kwa herufi. Kama plota yako ingekuwa ya paraleli na una kompyuta ya zamani ya mezani, ningekushauri uandike kwenye poti 0x378 moja kwa moja. Lakini asije mtu akanunua kebo ya USB kwenda paraleli akidhani ni kitu kilekile. Hizo zinajitambulisha kama printa ya USB, pini zake huwezi kuzichezea mojamoja.

RamaniMakole:
Shikamoo mzee, nimekuelewa, yangu ni ya siriali tu. Fundi, nisaidie mpangilio wa kebo. Na Arduino nayo bado mtu hajaisemea.

FundiSiriali_Kizota:
Upande wa plota pini 25, upande wa kigeuzi pini 9: 2 kwenda 2, 3 kwenda 3, 7 kwenda 5, na 20 kwenda 8. Hiyo 20 ndiyo DTR ya plota, inaingia CTS ya kompyuta. Swichi ndogo za nyuma ziweke 9600 na ukubwa wa karatasi unaotumia, kisha zima na kuwasha ndipo izisome.

Arduino Uno R3 ina RAM ya KB 2 na inatoa volti 5, kwa hiyo unahitaji MAX232, chipu ya kugeuza volti, katikati, usiiunganishe na RS-232 moja kwa moja. Ukiongeza kadi ya SD inafanya kazi vizuri, na uzuri wake ni kuchora bila laptopu kukaa mezani. Lakini utaandika mantiki ileile ya dada, kwa C, kwenye kumbukumbu finyu. Iwe hatua ya pili, ukiwa na kazi nyingi.

Kondoa_CAD:
Kwa wengine watakaosoma: kama plota yenu ni ya wino, yenye kebo ya mtandao na inapokea HP-GL/2, hayo yote ya kebo hayawahusu. Unafungua soketi kwenye poti 9100 ya anwani yake, unatanguliza ESC na `%0B` kuingia kwenye HP-GL/2, unamwaga faili. TCP, itifaki ya mtandao, inasimamia foleni yenyewe. Angalieni kwanza kama modeli yenu inaikubali lugha hiyo, si zote.

RamaniMakole:
Nimeamua: Python yenye `.B`, Inkscape kwa nembo na alama ya kaskazini, `LB` kwa maandishi yote. Kebo natengeneza na ule waya wa 20 naweka hata kama siutumii sasa. Swali la mwisho, umeme ukikatika katikati ya mchoro, inafaa kuendelea ulipoishia?

Binti_UDOM:
Hapana kaka. Laptopu yako ina betri, plota haina. Ikiwaka upya imesahau kila kilichokuwa kwenye hifadhi yake, na karatasi ikisogea hata nusu milimita, kwa 1:500 hiyo ni sentimita 25 za ardhi. Weka karatasi mpya uanze, au nunua UPS ndogo ya plota peke yake.