Majira yamegeuka, ngozi inavuta na kupauka lakini chunusi bado zipo. Naombeni ushauri

Kipepeo
Habari zenu wadau. Joto limekwisha, majani yameanza kupukutika na upepo wa asubuhi una baridi. Ngozi yangu nayo imegeuka. Wakati wa joto paji la uso na pua vilikuwa vinatoa mafuta mchana kutwa; sasa mashavu yanavuta nikimaliza tu kunawa, pembeni mwa pua kunabanduka vipande vidogo vyeupe, na miguu inapauka muda mfupi baada ya kupaka losheni. Kinachonichanganya ni kwamba chunusi za kidevuni hazijaondoka.

Ratiba yangu ni hii. Asubuhi na jioni nanawa kwa jeli yenye asidi ya salisiliki, ile ya chunusi, napaka serumu ya asidi ya hyaluroniki, halafu losheni nyepesi isiyo na mafuta. Usiku karibu kila siku naongeza retinoli, ile ya jamii ya vitamini A. Asubuhi napaka krimu ya kukinga jua, ila nafikiria kuiacha mpaka joto lirudi, maana jua lenyewe halionekani. Mimi ni mweusi na kila chunusi ikipona huacha doa, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nibadilishe nini, na nianze na kipi?

Mama Pacha
Pole dada. Anzia kwenye kunawa, usikimbilie kununua. Asubuhi maji ya uvuguvugu yanatosha kabisa, hukulala kwenye vumbi. Jioni tumia sabuni laini ya maji isiyo na manukato, na hiyo ya salisiliki iweke kwa siku chache za wiki, tena kidevuni tu penye chunusi. Na maji ya moto sana acha, hata kama baridi inakushawishi. Yanaondoka na mafuta ya asili ya ngozi, ndiyo maana ukitoka kuoga miguu inawasha.

Ua la Jioni
Hivyo vipande vyeupe ni ngozi iliyokufa. Piga skrabu kila siku, visugue vitoke, uone kama hutang'aa.

Mtoa Dawa
Hapo kwenye skrabu naomba nipinge kwa nguvu zote. Ngozi inayobanduka kwa ukavu ni ngozi ambayo kinga yake imelegea. Ukiisugua unaiumiza, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kila muwasho na kila mchubuko unaweza kuacha weusi wa kukaa miezi. Kipepeo amesema mwenyewe kwamba madoa ndiyo shida yake. Asisugue kitu.

Dada, tuelewane kwanza kinachotokea. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Ikiingia ndani na kupashwa joto na hita inazidi kuwa kavu, nayo inavuta maji kutoka popote yalipo, pamoja na usoni mwako. Kinachoyazuia maji yasitoke ni mafuta yaliyo kati ya seli za tabaka la juu la ngozi, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Jeli yako, salisiliki na retinoli kila siku vinalichosha tabaka hilo kwa wakati mmoja.

Serumu ya hyaluroniki, sawa na glisirini, kazi yake ni kushika maji. Haizibi. Ukiipaka kwenye uso mkavu, ndani ya chumba chenye hita, na juu yake ukaweka losheni nyepesi, usishangae ngozi kuendelea kuvuta. Paka uso ukiwa bado na unyevunyevu, halafu mara moja funika kwa krimu nzito yenye seramidi au siagi ya shea. Mashavu yakiwa mabaya, malizia usiku kwa mafuta kidogo sana ya mgando. Hakuna kitu cha bei rahisi kinachoyashinda kwa kuzuia maji yasipotee.

Kipepeo
Asante sana Mtoa Dawa. Ila mafuta ya mgando naogopa yatanizibia vinyweleo, chunusi zizidi.

Mtoa Dawa
Mafuta ya mgando yaliyosafishwa vizuri hayazibi vinyweleo yenyewe. Mafuta ya nazi ndiyo ningekuambia uyaweke mbali na uso wenye chunusi, japo mwilini hayana neno. Hata hivyo kidevu kiache, paka mashavuni na pembeni mwa pua tu. Uso si lazima upate kitu kilekile kila mahali.

Kivuli
Mimi niongelee jua, maana hilo ndilo limenishtua. Usiache krimu ya jua! Mionzi inayokuunguza, yaani UVB, ndiyo hupungua sana majira haya. Ile ya UVA, inayozeesha ngozi na kuongeza weusi, hupita kwenye mawingu na hata kwenye kioo cha dirisha. Ukikaa karibu na dirisha kutwa nzima, unaipata. Na kwa madoa ya ngozi nyeusi, mwanga wa kawaida tunaouona nao unachangia, ndiyo maana krimu za jua zenye rangi, zilizotiwa oksidi ya chuma, zinasaidia zaidi kuliko zisizo na rangi. SPF, yaani kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye krimu, ya 30 inatosha, inazuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB. Kinachoweza kubadilika ni aina: ile ya jeli inayokausha weka kando, chukua ya krimu.

Na retinoli usiitupe, inasaidia chunusi na madoa. Isimamishe mpaka uso uache kuvuta, kisha rudi nayo usiku mara mbili kwa wiki. Paka krimu, retinoli juu yake, halafu krimu tena. Ukiwa mjamzito au unatafuta mimba, achana nayo kabisa.

Mama Pacha
Miguu tumeisahau. Losheni ya chupa yenye maji mengi haiwezi kupambana na baridi. Tafuta krimu yenye urea, asilimia 10 hivi, ipake ukitoka kuoga kabla hujakauka vizuri. Magaga kisiginoni yanataka ya juu zaidi, na soksi za pamba usiku. Urea inauma penye ufa, hapo paka mafuta ya mgando mpaka pafunge. Midomo usiilambe, mate yanaikausha zaidi.

Kipepeo
Mungu awabariki. Ndani tuna hita kweli, usiku kucha. Na pale mkunjo wa kiwiko pananiwasha mpaka naamka.

Mtoa Dawa
Punguza hita ukilala, na ukiweza weka kifaa cha kuongeza unyevu hewani.

Hilo la kiwiko litazame kwa makini. Kuwasha kwa kukuamsha, hasa kwenye mikunjo, huenda ni pumu ya ngozi, na pengine krimu peke yake haitatosha. Muone daktari wa ngozi, na akuangalie uso pia. Tafadhali usijinunulie krimu za steroidi wala zile za mchanganyiko zisizo na maelezo. Zinatuliza haraka, kisha zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, na usoni zinaleta chunusi mpya.

Hayo mengine usiyabadilishe yote siku moja. Leo anza na kunawa na krimu nzito, kaa nayo wiki mbili hivi. Retinoli irudi baadaye. Ukianza vyote pamoja na uso ukawaka, hutajua kilichokuchoma.